Sifa za Mkono Unaojua Kutua

Nimependa namna nyingi za uvuvi, lakini ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya kumvua samaki aitwaye besi kwa jekibeti wakati maji yamepoa. Jekibeti ni kisamaki cha bandia, chembamba, chenye kidomo cha kukizamisha na ndoana za pembe tatu zinazoning'inia tumboni. Kukishtua majini hata mtoto atajifunza kwa asubuhi moja. Fundi hujulikana kwa jinsi anavyokiacha kitulie.

Maarifa haya yalizaliwa na macho yenye subira. Katika Ziwa Päijänne, Ufini, mvuvi Lauri Rapala aliona kuwa samaki mkubwa akivamia kundi la wadogo humchagua yule anayeyumba. Mwaka 1936 akachonga chambo kwa koki ya vizibo vya chupa, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti na kukipaka negativu za picha zilizoyeyushwa. Wengine waliiga umbo la samaki. Yeye aliuiga udhaifu wake. Jekibeti za leo zinatokana na wazo hilo.

Mahali pa kuuona ufundi huu ukikamilika ni maziwa ya milima ya Ozark, Marekani, kama Table Rock huko Missouri. Joto la damu ya besi hufuata joto la maji. Majira ya baridi yakiingia, mwili wake hupunguza mwendo, naye hafukuzi windo bila sababu. Wakati huohuo vishedi, visamaki vya rangi ya fedha, huzidiwa na baridi: hutapatapa kidogo, husimama, hutapatapa tena. Mvuvi anachofanya ni kuisema lugha hiyo kwa ufito na mshipi.

Ncha ya ufito hupigwa kuelekea chini, mara moja au mbili, kisha hurudishwa upesi ili mshipi ulegee. Mshipi ukibaki umekaza, chambo hukokotwa mbele tu. Ukilegea, chambo hugeuka ubavu, humetameta, kisha husimama palepale kilipo, hakipandi wala hakizami. Utulivu huo hutengenezwa kabla ya kutupa. Mvuvi hukijaribu chambo kando ya boti; kikipanda haraka, huzungushia waya wa risasi kwenye shina la ndoana, au huweka ndoana nzito zaidi. Maji baridi ni mazito kuliko ya vuguvugu, hivyo kilichotulia vizuri msimu uliopita huenda leo kikaelea. Hupimwa upya.

Kisha mkono hungoja. Hesabu tano, kumi, pengine ishirini na zaidi. Besi husogea taratibu, akitumia macho na ule mstari wa ubavuni unaohisi mitikisiko. Mara nyingi hukimeza kikiwa hakitikisiki hata kidogo, na mvuvi huhisi uzito tu, kana kwamba mshipi umenasa jani lililolowa. Aliyechoka kungoja hukivuta mapema, akamnyang'anya samaki uamuzi aliokuwa karibu kuufanya.

Urefu wa kituo huamuliwa na maji. Katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako besi alipandikizwa kutoka Marekani enzi za ukoloni, maji hayafikii baridi ya Ozark, na kungoja muda mrefu vile hakuna haja. Chambo kilekile, samaki yuleyule, lakini hesabu nyingine.

Kazi nyingi za mikono tunazisifu kwa kile kilichotendwa. Hii inastahili sifa pia kwa kile mkono ulichojizuia kutenda, kwa sababu kujizuia huko kumejengwa juu ya maarifa ya joto, uzito na tabia ya kiumbe mwingine. Anayetaka kujifunza na anunue kipimajoto kabla ya kununua chambo cha pili, aanze kuyasikiliza maji.