Nimeiona! Picha ya Kijasusi Iliyotabiri Simu Zetu

Saa nane usiku, runinga nimeizima, usingizi hauji. Hatimaye nimeiona The President's Analyst, picha ya mwaka 1967 ambayo wakusanyaji wa sinema za kijasusi hawachoki kuitaja. Sasa nawaelewa!

Steringi ni James Coburn. Ni Sidney Schaefer, daktari wa akili aliyepewa kazi ya kumsikiliza Rais wa Marekani. Rais anatua mzigo wake. Daktari hana pa kuutua. Siri zinamlemea, anatoroka, na majasusi wa kila taifa wanamwandama. Anakimbilia kwa mahipi, kwenye maua, gitaa na rangi zinazowaka.

Halafu kile kipande cha kondeni! Sidney amejilaza nyasini na msichana wa kihipi. Nyuma yao muuaji ananyemelea, anauawa na muuaji mwingine, naye huyo anauawa na wa tatu. Wapenzi hawana habari. Nimekirudia mara nne! Muziki ni wa Lalo Schifrin, yuleyule aliyetunga ule wa Mission: Impossible.

Na tazama midomo ya waigizaji. Theodore J. Flicker, aliyeiandika na kuiongoza, aliyataja mashirika ya FBI na CIA waziwazi. Baadaye majina yakabadilishwa kwa kurekodi sauti upya: FBR na CEA. Midomo inasema hili, sikio linasikia lile. Picha kuhusu siri, nayo yenyewe imefichwa maneno! Kovu kama hilo ndilo linalomfanya mkusanyaji aitafute nakala hadi aipate.

Lakini kilichoninyima usingizi ni adui. Si Mrusi, si Mchina. Ni kampuni ya simu! Inataka kila binadamu awekewe kidude kwenye ubongo, ajulikane kwa namba. Mwaka 1967, simu ikiwa bado imefungwa kwa waya! Nimeitazama yangu, hapa kando ya mto, nikanyamaza.

Ndiyo maana tunazihangaikia picha hizi. Wakati zile za heshima zinahesabu makombora, Flicker, katikati ya maua na wazimu, alikuwa ameshamwona anayetusikiliza.

Itafute. Usikubali mtu akusimulie dakika yake ya mwisho. Itazame hadi mwisho, kisha jaribu kuipokea simu itakayofuata kama ulivyozoea.