Vioo vya Gari na Udongo Mwekundu: Mwaka 2000 katika Rural Studio

Maendeleo ya chuo cha usanifu majengo aghalabu hupimwa kwa wingi wa wanafunzi na uzuri wa michoro inayotundikwa siku ya maonyesho. Walakini atakaye kujua chuo hukuaje kwa hakika, na ayatazame yaliyotendwa mwaka 2000 katika wilaya ya Hale, jimbo la Alabama, Marekani, na wanafunzi wa Rural Studio, tawi la Chuo Kikuu cha Auburn lililoasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Samuel Mockbee pamoja na mwenziwe D. K. Ruth.

Wilaya ile ilikuwa nchi ya pamba, na hata leo wengi wa wakazi wake, hususan Weusi, wanaishi katika ufukara waliourithi. Mockbee aliwatoa wanafunzi darasani akawahamishia huko, wakae na watu watakaowajengea. Na wale wa mwaka wa mwisho walikabidhiwa jengo zima, walibuni, walitafutie vifaa, walisimamishe kwa mikono yao wenyewe.

Matunda ya utaratibu huo yalidhihirika Mason's Bend, kitongoji kidogo ambako wanafunzi wanne walikamilisha banda la jamii la sala na mikutano. Kuta zake fupi na nene ni za udongo wa kushindilia: udongo wenye unyevu kidogo, uliotiwa saruji kiasi, humiminwa baina ya mbao tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka hutwangwa hata likawa gumu ndipo jingine lifuate. Mfinyanzi ukizidi, ukuta hupasuka ukaukapo; mchanga ukizidi, humomonyoka; kwa hiyo ustadi wote umo katika mchanganyiko na katika subira ya mwenye kushindilia. Juu ya kuta hizo lilikuja paa, na upande mmoja wa paa ukavikwa vioo vya mbele vya magari ya Chevrolet Caprice, vipatavyo 80, vilivyonunuliwa Chicago katika yadi ya magari mabovu kwa dola 120.

Wengi walistaajabia haiba ya vioo vile na urahisi wa bei yake, nami naona hekima yake imo kwingine. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, kikivunjika hakimwagiki vipande juu ya vichwa vya watu. Tena kimekwisha kupindwa kiwandani, kazi ambayo mjenzi maskini asingemudu kuilipia. Lakini maadamu kila kioo kina mpindo wake, haviwezi kukutana ukingo kwa ukingo kama vigae vya sakafuni. Basi vikaangikwa juu ya fremu ya chuma, cha juu kikikilalia cha chini, kama makuti yanavyopandana juu ya paa. Lau wabunifu wangekuwa mbali na wajenzi, nadhani wazo hilo lingefia katika karatasi, kwa kuwa suala la namna ya kukishika kioo kilichopinda hujibiwa na mwenye kukishika.

Mwaka huo huo Mockbee alipewa tuzo ya MacArthur, dola 500,000, na sifa za chuo zikaenea. Zilikuwa za haki. Bali mimi ninaithamini zaidi kadhia ya mwaka uliofuata, wanafunzi wengine walipoutumia udongo ule ule wa kushindilia kuijengea familia nyumba ya kukaa. Ujuzi ulikwisha kuwa mali ya chuo, haukuwa tena wa kundi moja.

Hilo lilikuja kuwa auni kubwa, kwani Mockbee alifariki Desemba 2001 kwa maradhi ya saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 57. Andrew Freear alishika uongozi, na mwaka 2005 wanafunzi wakaanza jambo gumu kuliko lile la vioo: kubuni nyumba kamili isiyozidi dola 20,000, vifaa na ujira wa fundi vikiwa ndani yake.