Mkono Unaojua Kukoma

Mtu anayetaka kupausha nywele zake nyumbani bila kuziharibu kwa kawaida huanza kwa kuulizia dawa. Dawa ina umuhimu wake, lakini si ya kwanza. Hakuna dawa inayopunguza weusi wa nywele bila kuchukua kitu kingine pamoja nao, na anayedai kupausha bila hasara yoyote anauza maneno. Kinachomtofautisha fundi na mharibifu ni kujua hasara gani nywele hizi zinaweza kuibeba, kisha kukoma kabla ya kuivuka. Ndiyo maana naiona kazi hii inastahili sifa: ustadi wake hupimwa kwa kujizuia, na mwenye subira anaweza kuupata mbele ya kioo cha chumbani kwake.

Ushahidi umo ndani ya unywele wenyewe. Nje umefunikwa kwa magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Chini ya magamba hayo mna keratini, protini inayoushikilia unywele usikatike, na ndani ya keratini zimetawanyika chembe za melanini, ambazo ndizo weusi wenyewe. Peroksidi ya hidrojeni, iliyogunduliwa na Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818, ikichanganywa na kitu cha alkali kama amonia, hupenya magamba yakiwa yamefunguka na kuivunja melanini. Unga wa blichi huongezwa ili kazi ifike mbali zaidi. Tatizo ni kwamba dawa haichagui. Inapoivunja melanini huvunja pia viungo vya salfa vinavyoifunga keratini, na huliondoa tabaka la mafuta lililoshikamana na magamba tangu unywele ulipoota. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai wa kujiponya, kilichotoka kimetoka. Nao weusi hauondoki kwa mkupuo mmoja. Hupita kwenye kahawia, wekundu, rangi ya chungwa, njano, ndipo njano iliyofifia, na kadiri safari inavyoendelea ndivyo kila hatua inavyogharimu zaidi. Nywele nyeusi zilizoachwa kwenye rangi ya shaba kwa kawaida bado zina nguvu. Zikilazimishwa kufika mwisho kwa siku moja, zikilowa huvutika zisirudi, kisha hukatika.

Kwa nywele za kipilipili hoja hii ina uzito maradufu. Unywele wa aina hii ni bapa kidogo, hujipinda mara nyingi, na kila pindo ni mahali dhaifu. Tena mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi hadi nchani. Kwa hiyo mambo madogo ndiyo yanayoamua. Chupa za peroksidi huandikwa 10, 20, 30 na 40, yaani asilimia 3, 6, 9 na 12. Fundi wa nyumbani hana haja ya kuvuka 20, maana nguvu ndogo humpa muda wa kuona kinachotokea. Hujaribu kwanza kishungi kimoja kilichojificha, akakipaka, akakitazama kila baada ya dakika chache, akakiosha na kukivuta kikiwa kimelowa. Mashina huyapaka mwisho, kwa sababu joto la kichwa huiharakisha dawa. Fundi hazigusi kabisa nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha, kwa kuwa hizo zimekwisha kupoteza nguvu zake nyingi. Na hapa mafuta ya nazi, ambayo pwani yetu haijawahi kuyaacha, yana ushahidi wa maabara: utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hupunguza upotevu wa protini katika nywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti na ya madini hayakulifanya.

Wapo watakaosema: acheni kemikali, tumieni limau na asali. Lakini asali ikizimuliwa kwa maji hutoa peroksidi ileile, kidogo tu na isiyopimika. Limau ni asidi, hukausha nywele, na juani huwasha ngozi; juu ya weusi mzito karibu haionekani. Jua nalo huvunja protini. Wanawake wa Venice, kama Cesare Vecellio alivyowachora katika kitabu chake cha mavazi cha mwaka 1590, walikaa juu ya mapaa wakivaa kofia isiyo na kilele, nywele zimetandazwa ukingoni, wakizilowesha kwa sifongo na kuziacha jua lizikaushe. Ninawaheshimu kwa subira yao, lakini uasilia wa njia hauondoi madhara yake.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaoona hapa ndugu wa kujichubua. Silipuuzi, kwa sababu kiu ya weupe imewaumiza wengi. Hata hivyo ngozi ni hai: zebaki ya krimu hupenya mwilini na kudhuru figo, ilhali unywele uliopaushwa vibaya hukatwa na mwingine ukaota. Tena anayekoma kwenye shaba au kahawia ya asali hajifanyi mtu mwingine. Amebaki na nywele zake, na pindo zake, zikiwa na mwanga. Anayeshurutisha nywele hadi weupe bila kujali zitabaki ngapi ndiye ninayemkatalia, na ninamkatalia kwa sababu ya ufundi kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu saluni, msusi mwenye uzoefu hana mbadala pale penye rangi ya zamani, dawa ya kulainisha au vidonda kichwani. Asichokuwa nacho ni wiki kadhaa za kungoja kati ya hatua na hatua, na hizo ndizo nyumba inazoweza kutoa. Subira hiyo huhitajika zaidi baadaye, maana nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi na weusi mpya hujitokeza. Dawa ipakwe penye weusi huo tu, zile za zamani zikiwa zimekingwa kwa krimu nzito, kwa sababu nywele nyingi zilizopaushwa nyumbani hukatikia hapo kwenye mpaka, dawa mpya ilipopanda juu ya ya zamani.