Presha Iguswe Mwisho: Kuongeza Nguvu kwenye Subaru ya Turbo

Subaru Forester ya turbo ya kizazi cha SG, iliyouzwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007, ilitoka kiwandani na injini ya EJ205 ya sentimita za ujazo 1,994 na nguvu ya farasi 220. Impreza WRX ya miaka hiyo, yenye injini ya jina hilo hilo, iliandikiwa farasi 250. Kijana wa Nairobi akizisoma takwimu hizo mbili anaona papo hapo farasi 30 waliofungiwa ndani ya Forester yake. Gari linapelekwa gereji. Linavalishwa chujio la hewa lisilo na boksi, valvu ya kutema hewa inayopiga "pshh" kila gia ikibadilishwa, na sailensa pana ya kuamsha mtaa. Mwenyewe anaapa kwamba sasa linakimbia zaidi. Mara nyingi limepungua nguvu, ila kelele zimemzuia kusikia.

Sina ugomvi na vifaa hivyo. Ugomvi wangu ni na foleni yake: vya mwisho vinawekwa mwanzo, na cha kwanza kabisa hakiwekwi kamwe.

Tuanze na kazi ya turbo yenyewe. Ni magurudumu mawili ya mapanga kwenye shafti moja. Moshi unaotoka injini unazungusha la kwanza. La pili linavuta hewa na kuisindika kuelekea kwenye silinda. Shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili. Hewa ikisindikwa hupata joto, ndiyo sababu ya ile intakula, kipoza hewa kilicholala chini ya tundu la boneti. Joto na presha vikizidi, sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Mafundi husema injini inagonga. Pistoni za EJ205 ni za kumiminwa, hazikufuliwa, na zikigongwa sana hupasuka kwenye kingo nyembamba zinazoshika ringi. Baada ya hapo hakuna cha kutuni. Kuna injini ya kushusha.

Sasa kiwanda kilipangia gari hilo mazingira gani? Kwanza, petroli ya daraja la juu ya Japani. Viwango vya nchi hiyo vinataka oktani yake isipungue 96, na vituo vingi huuza inayokaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Maana yake ni kwamba Forester ya turbo iliyoshushwa melini Mombasa ikiwa haijaguswa na mtu tayari inafanya kazi karibu na ukingo kuliko ilivyokuwa Osaka. Kompyuta yake inalisikia hilo kupitia sensa ya kugonga na kurudisha nyuma muda wa moto wa plagi. Nguvu nyingine imeshapotea hapo, kabla ya spana ya kwanza.

Pili ni mwinuko, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu magereji mengi hulipita jambo hili kimya.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huko ni kama bar 0.82, wakati Mombasa ni kama bar 1.01. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya pumzi yake ikipanda kutoka pwani. Yenye turbo hujitetea, lakini utetezi huo una gharama. Chukua turbo inayotoa presha ya bar 0.9 juu ya ile ya nje. Kule pwani inachukua hewa ya 1.01 na kuifikisha 1.91, yaani inaisindika mara 1.9. Ili injini ipate hewa hiyo hiyo ikiwa Nairobi, turbo lazima itoke 0.82 hadi 1.91, yaani mara 2.3. Nimepiga hesabu ya joto nikichukulia hewa ya nje ni nyuzi 25 na turbo ina ufanisi wa asilimia 70: kwa mara 1.9 hewa inatoka kwenye turbo na nyuzi 110 hivi. Kwa mara 2.3 inatoka na nyuzi 140. Nyuzi 30 zaidi, kwa nguvu ile ile. Yule anayesema gari lake la Nairobi ni "stock" anaendesha turbo ambayo huenda tayari inafanya kazi ya ziada ambayo mwenzake wa pwani angeiita tuni.

Kuna mtego wa pili, nao umeua injini nyingi. Baadhi ya mafundi huongeza presha kwa kidhibiti cha mkono, kile kivalvu kidogo cha shaba kinachoidanganya weistigeti, lango la kupitisha moshi pembeni ya turbo, ichelewe kufunguka. Kifaa hicho hakijui mwinuko. Kinashikilia tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje, basi. Ukikipanga Nairobi kwa bar 0.9, injini inapokea jumla ya 1.72. Shuka nacho Mombasa kwa Krismasi na jumla inakuwa 1.91, yaani asilimia 11 zaidi ya hewa, tena hewa ya joto la pwani. Kama fundi alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu wa injini pale Industrial Area ya Nairobi, injini itapita mwisho huo mahali fulani baada ya Voi. Mwenye gari atalaumu petroli ya njiani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye foleni ni kupima. Kompyuta za Subaru za miaka hiyo huwekwa wazi na programu ya bure iitwayo RomRaider, kwa waya wa kuunganisha laptopu na tundu la uchunguzi chini ya usukani. Kati ya namba zote zinazotiririka, moja inastahili kutazamwa kabla ya nyingine: IAM. Hiyo ni imani ya kompyuta kwa petroli na kwa injini. Kwenye kompyuta za zamani imani kamili ni 16. Kwenye za baadaye ni 1. Injini ikigonga vya kutosha kompyuta huishusha, na ikishuka, muda wa moto wa plagi unarudishwa nyuma kila mahali. Gari lenye IAM ya 8 kati ya 16 halihitaji kifaa chochote kipya. Linahitaji mtu atafute kinachoumwa.

Na magonjwa hayajifichi sana. Magari haya sasa yamekaribia au yamepita miaka 20. Mipira ya hewa kati ya turbo na injini hukakamaa na kupasuka; hewa iliyokwisha kupimwa na sensa inavuja, petroli inabaki nyingi, moshi unakuwa mweusi. Fundi mzuri huziba mdomo wa mfumo, hutia hewa kidogo kutoka kwenye kompresa na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Povu linasema palipo na tundu. Kisha kompreshen ya silinda zote nne ipimwe, na namba zikaribiane. Mkanda wa taiming, ambao kiwanda kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, usikisiwe kwa macho: ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Plagi ziwe halisi, maana bandia zimejaa sokoni. Oili itazamwe kwa kijiti kila unapojaza petroli, kwa kuwa EJ za turbo hunywa oili na beringi zake hazisamehi kiu.

Nirudi kwenye ile "pshh". Injini hii hupima hewa kwa sensa iliyo kabla ya turbo. Kompyuta inahesabu kila gramu iliyopita pale na kuamuru nozeli zimwage petroli inayolingana nayo. Valvu ya kiwandani, unapoachia mafuta, huirudisha hewa ya ziada nyuma ya sensa, ndani ya mfumo, hivyo hesabu inabaki sawa. Valvu ya kutema nje inaimwaga hewa ambayo kompyuta tayari imeiandikia petroli. Kila ukibadilisha gia, silinda zinapata petroli ya hewa isiyokuwepo. Umenunua sauti kwa bei ya mchanganyiko mbovu. Chujio la wazi nalo lina dosari yake: kipenyo cha bomba linaloshika sensa kikibadilika, kipimo cha hewa kinapotoka, na likikaa karibu na turbo linavuta joto la chini ya boneti. Boksi la kiwandani lenye chujio safi linatosha kwa gari linaloanza, na sijaona sababu ya kubishana zaidi juu ya hilo.

Sauti za Subaru zina historia yake ya uchungu, kwa kweli. Ule mdundo wa "bubububu" unatokana na manifoldi ya moshi yenye mabomba ya urefu usiolingana. Kwenye Legacy ya 2003 Subaru iliyalinganisha mabomba hayo na kuweka turbo ya njia mbili, mapigo ya moshi yakafika kwa mpangilio, turbo ikaamka mapema. Mdundo ukapotea. Hadi leo kuna watu wanaolipa kung'oa manifoldi hiyo bora ili warudishiwe mdundo.

Gari likishakuwa zima na IAM ikiwa juu, hatua ya kwanza ya nguvu ni tuni ya kompyuta bila kubadilisha kifaa chochote kikubwa. Fundi anaandika upya majedwali ya muda wa moto, ya petroli na ya presha kwa ajili ya petroli unayonunua wewe na mwinuko unaoishi. Awe na sensa pana ya oksijeni kwenye bomba la moshi, inayosoma mchanganyiko papo kwa papo. Gari likitembea polepole, gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli ni sawa. Likisukumwa hadi mwisho, EJ kwenye petroli ya kituo inataka karibu 11 kwa 1, kwa sababu petroli ya ziada hupoza silinda. Fundi atakayekutumia faili aliloshusha mtandaoni, lililoandikwa kwa ajili ya WRX ya Marekani, umshukuru na uondoke. Gari la Marekani lina vifaa tofauti na petroli tofauti.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida halisi: daunpaipu, bomba linalopokea moshi mara tu unapotoka kwenye turbo. La kiwandani ni jembamba na lina katalisti, kisafisha moshi, iliyobanana. Turbo huzungushwa na tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya gurudumu la moshi. Ukipunguza msongamano nyuma, inaamka mapema na moshi wa moto hausalii ndani ya silinda. Injini inapumua na wakati huo huo inapungua hamu ya kugonga. Ni nadra kifaa kimoja kutoa vyote viwili. Ningechagua lenye katalisti ya matundu mapana kuliko bomba tupu, kwa heshima ya mapafu ya wanaokufuata kwenye foleni ya Thika Road. Lakini daunpaipu ikishafungwa, weistigeti ndogo inaweza kushindwa kupitisha moshi wote pembeni na presha ikapanda yenyewe bila kuamriwa. Gari lisikanyagwe hadi lituniwe upya.

Presha ndiyo ya mwisho, baada ya hayo yote na baada ya kuhakikisha pampu ya mafuta na nozeli zina akiba. Kuna wanaotaja Impreza STI ya farasi 280 na kusema mbona yenyewe inaweza. Namba 280 ilikuwa kikomo cha makubaliano ya watengenezaji wa Japani, yaliyodumu kuanzia 1989 hadi 2004, kwa hiyo STI ilikuwa imezuiwa isionyeshe uwezo wake. Bloku yake ya wakati huo ilikazwa sehemu ya juu ya silinda. Ya EJ205 iko wazi. Pia kinachovunja giaboksi ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, na giaboksi ya gia tano ya WRX ina sifa mbaya kwa hilo. Wenye Forester ya otomatiki waweke kipoza oili ya giaboksi kabla ya kuwaza presha.

Walio na Forester SJ ya turbo ya 2012 hadi 2018 wana injini nyingine, FA20, na farasi 280 kutoka kiwandani. Petroli yake humwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, haioshi valvu za kuingizia hewa, na masizi hujikusanya huko. Zisafishwe kwanza.

Hata kwenye mashindano nguvu si ya kwanza. Mwaka 1997 dereva Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza ambayo sheria za mashindano ziliibana turbo yake kwa pete ya milimita 34, na nguvu yake ilitajwa kuwa karibu farasi 300 tu. Gari lile lilibeba bomba la kuvutia hewa juu ya maji na vumbi, chuma cha kujikinga mbele, na sasipenshen iliyoimarishwa. Mshindi huyo hakuwa mbali sana na farasi ambao kijana wetu anawatafuta, na kazi kubwa ya timu ilikuwa kulifikisha gari mwisho likiwa zima.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua waya wa kusomea kompyuta na uiangalie IAM kwa safari zako za kawaida. Ikiwa imeshuka, pesa ya mwezi ujao iende kwenye petroli bora, plagi na mipira, na muuza turbo asubiri.