Namba ndogo zinazobeba mzigo mkubwa

Topu, kwaki nzito kuliko zote, ina tungamo linalokaribia lile la atomu nzima ya dhahabu. Elektroni ni nyepesi kuliko topu zaidi ya mara 330,000. Zote mbili hupata tungamo kwa kugusana na uga uleule wa Higgs, na nadharia tuliyo nayo haisemi kwa nini moja ishikwe kwa nguvu na nyingine iguswe kidogo tu. Mtu anaweza kuipima kila namba, akaiandika mahali pake na kuendelea na shughuli zake. Wapo waliokataa kuishia hapo, na kazi yao inastahili kutazamwa polepole.

Mwaka 1979 Colin Froggatt na Holger Bech Nielsen walipendekeza kila kwaki ipewe chaji ya simetri mpya, simetri ya ladha, nayo iwe namba nzima ndogo. Jumla ya chaji isipokuwa sufuri, kwaki hairuhusiwi kugusana na Higgs peke yake. Inahitaji uga wa ziada, flavoni, wenye chaji ya hasi moja, kulipia pengo. Kila flavoni inayoongezwa hupunguza nguvu ya mgusano hadi takriban 0.22 ya ilivyokuwa.

Sasa tazama mkono wa fundi. Familia tatu za kwaki za mkono wa kushoto zinapewa 3, 2 na 0. Nguvu hafifu hurusha kwaki kutoka familia moja hadi nyingine, na ukubwa wa mruko huo hutokana na tofauti za chaji: moja, mbili, tatu. Hesabu inatoa 0.22, 0.05 na 0.01. Maabara zimepima 0.22, 0.04 na 0.004. Ya mwisho imezidi karibu mara tatu, na mbinu hii haijawahi kuahidi zaidi ya kukadiria ukubwa. Wape wenzao wa mkono wa kulia, yaani apu, chamu na topu, 5, 2 na 0, na apu inakuwa nyepesi kuliko topu kwa 0.22 iliyozidishwa yenyewe mara nane, karibu sehemu tano kwa milioni. Kipimo kiko hapohapo. Hakuna namba ndogo sana iliyoingizwa kwa mkono.

Ndani ya supasimetri ufundi huu unapata makali mapya. Huko kila kwaki ina mwenza, skwaki, na matungamo ya skwaki yakiwa ovyo, kaoni, chembe inayobeba kwaki za dauni na strenji, ingegeuka kuwa antichembe yake kwa kasi kubwa mno kuliko inavyoonekana. Wengi walijikinga kwa kudhani kwamba skwaki zina matungamo sawa. Mwaka 1993 Yosef Nir na Nathan Seiberg waliuliza kama usawa huo ni wa lazima. Supasimetri ina sheria kali: katika supapotensheli, yaani fomula inayobeba migusano hii, uga unaruhusiwa kuingia, lakini konjugeti yake hairuhusiwi. Kwa hiyo jumla ya chaji ikiwa hasi, hakuna idadi ya flavoni itakayoirekebisha, na nafasi hiyo katika jedwali inabaki tupu. Wakitumia simetri mbili na flavoni mbili, walizifanya nafasi zinazounganisha dauni na strenji zibaki tupu zenyewe. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wote: utupu ule haukuwekwa na mtu, umelazimishwa na sheria iliyokuwapo tangu mwanzo.



Lakini mruko wa 0.22 kati ya familia upo, kwa hiyo mchanganyiko ulioondolewa kwa dauni lazima utokee kwa apu, na hivyo mesoni D, chembe inayobeba chamu na apu, ilitakiwa kugeukageuka kuwa antichembe yake kwa wingi. Huo ulikuwa utabiri ulioachwa wazi kupingwa. Mwaka 2007 majaribio ya BaBar na Belle yaliona dalili za mgeuko huo, nao ulikuwa mdogo. Mwaka uleule Nir mwenyewe alikaa akaandika somo lake: skwaki zikiwa nyepesi kiasi cha kufikiwa na mashine kama LHC, mpangilio wa chaji peke yake hautoshi, na matungamo yao yanapaswa pia kukaribiana kwa kiasi fulani.