Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo si kila mgeni huleta uponyo, nami nimelitafakari jambo hilo tangu wajukuu waliponionyesha tamthilia za Kihispania zinazotolewa na kampuni ya Netflix kwa njia ya intaneti.

Tuanze na La Casa de Papel. Mwaka 2017 ilionyeshwa na kituo cha Antena 3 cha Hispania katika sehemu 15 za takribani dakika 70 kila moja, maana ndivyo vituo vya huko vilivyozoea kuijaza jioni. Watazamaji walianza wengi, wakapungua wiki baada ya wiki. Netflix ikainunua, ikaikata upya kuwa sehemu 22 fupi zaidi, ikaisambaza duniani. Mwaka 2018 ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Hapo mwenyeji alipona, sikatai.

Lakini hadithi ilikuwa imekwisha. Wezi wale hawakuchukua fedha za mtu. Waliingia kiwanda cha fedha, wakachapa zao wenyewe, na mtazamaji akabaki akijiuliza mwizi ni nani. Fedha za mgeni zilipoongezeka, wakarudishwa kuvamia Benki ya Hispania, hadi mwaka 2021. Picha zikawa za fahari, bunduki zikanguruma, na swali lile zuri likapotelea katika moshi.

Tofauti kabisa ni Cien años de soledad, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2024. Gabriel García Márquez alitoa riwaya hiyo mwaka 1967, na hadi kufa kwake mwaka 2014 hakukubali igeuzwe filamu. Aliona kwamba muda wa filamu moja usingeitosha, wala lugha isiyo Kihispania isingeifaa. Mtandao uliviondoa vikwazo vyote viwili: zilipangwa sehemu 16, kwa Kihispania, picha zikapigwa Kolombia. Katika nane za kwanza, sauti ya msimulizi haina haraka, na kijiji cha Macondo kinakua mbele ya macho yetu. Dosari yake ni kwamba mwandishi alisimulia maajabu kwa uso mkavu, ilhali tamthilia mara nyingine huyapamba kwa mwanga na muziki.

Nilitazama nikisoma tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na aibu ikanishika. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwaambia walimu vijana kwamba kazi kubwa haina budi kuvaa Kiingereza ndipo iheshimiwe. Nao waliyabeba maneno hayo hadi madarasani. Leo dunia nzima inasoma tafsiri ili imsikie Mkolombia akisema kwa lugha yake. Mzee yule alikataa fedha, akailinda lugha yake. Mimi yangu niliitoa bure, wala hapakuwa na mgeni aliyeniomba.