Madebe Sita ya Udongo

Anayepita Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam ndani ya daladala, kutoka Mtoni kuelekea Mbagala, huona maua: vyungu vya saruji vilivyopangwa kando ya lami, bogenvilia, krotoni, miche iliyosimama kwenye viriba vyeusi. Kazi yenyewe iko nyuma ya maua hayo, kwenye kivuli cha mwembe, na ni kazi ya udongo. Fundi wa kitalu kimoja cha huko, ambaye wateja humwita Mzee, ana marundo manne chini ya mti. Asubuhi nzima huenda akauza mche mmoja au miwili. Muda uliobaki anaumalizia kwenye marundo.

Rundo la kwanza ni udongo mwekundu unaoletwa kwa kirikuu kutoka upande wa Kisarawe. La pili ni mchanga wa mto. Wa baharini haugusi, kwa sababu ya chumvi. La tatu ni samadi ya ng'ombe, na la nne ni makapi ya mpunga kutoka mashineni. Hakuna hata kimoja ambacho mtu wa Temeke au Kinondoni atahangaika kukipata. Ufundi unaanza pale anapovikagua kabla havijakutana.

Udongo anaupima kwa chupa. Huchota konzi mbili, akazitia kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, akajaza maji hadi karibu na shingo, kisha akatikisa kwa muda mrefu na kuiweka juu ya tofali. Mchanga hutua karibu mara moja. Tope laini hufuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi ndio unaochelewa. Hata kesho yake maji ya juu huwa bado na ukungu. Tabaka zikishajitenga, Mzee huinamisha kichwa usawa wa chupa na kuzipima kwa upana wa vidole. Tabaka la juu likizidi kuwa nene, anajua udongo ule utashika maji na kugandamana chunguni, na mchanga utaongezwa.

Samadi haipimwi kwa macho. Hukunja shati, akazamisha mkono ndani ya rundo hadi kwenye kiwiko, akatulia hivyo kidogo. Kama ndani kuna joto, haijaiva, mizizi itaungua. Basi hulipindua rundo, akalinyunyizia maji na kuliacha tena, hata kama mteja amesimama hapo na pesa mkononi. Iliyoiva ni nyeusi, inamung'unyika, wala hainuki zizi.

Kuchekecha nako kuna mipaka yake. Chekeche lake ni wavu wa waya uliogongomewa kwenye fremu ya mbao na kuegemezwa kwenye kijiti. Anarusha udongo kwa chepe. Mwembamba unapita, madongo yanaporomoka mbele. Vipande vya nailoni, vigae na mizizi anaviokota kwa mkono. Lakini vidonge vya ukubwa wa punje ya mahindi anavirudisha kundini. Udongo uliochekechwa ukawa vumbi hupendeza kuutazama, ila ukimwagiliwa mara chache hushikana na kuziba, na mizizi ikakosa hewa.

Ndipo madebe yanapoingia. Mchanganyiko wake wa kawaida ni madebe matatu ya udongo, mawili ya samadi na moja la mchanga. Huo unatosha kwa mmea utambaao ambao wengi huuita mani planti, na kwa mimea mingi ya barazani. Kwa sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama wima, anabadilisha: udongo mawili, mchanga mawili, makapi moja, samadi moja. Jumla inabaki sita. Huligeuza rundo lote kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama vibarua wanavyogeuza zege kavu, mara tatu, mpaka rangi iwe moja. Halafu maji kidogo, na kipimo cha mwisho: anafinya konzi moja, anafungua kiganja, analigusa donge kwa kidole gumba. Donge likishika umbo kisha likapasuka kwa mguso huo mdogo, udongo uko tayari. Lisipopasuka, anaongeza mchanga na kugeuza upya.

Hesabu hii inafuata asili ya mmea, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Chukua Zamioculcas, ule wenye majani mazito yanayong'aa unaowekwa kwenye kumbi za mapokezi za maofisi. Ni mmea wa kwetu, wa mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania ni mojawapo ya nchi unakoota porini. Wataalamu wa Ulaya waliuandika mwaka 1829, na wakulima wa Uholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi kwa biashara miaka ya 1990. Chini ya udongo una viazi vinavyotunza maji kwa ajili ya miezi mikavu. Mmea uliojiwekea akiba ya namna hiyo hauhitaji udongo wa kuushikia maji. Unahitaji udongo unaoyaachia. Hata ua dogo la milima ya Usambara lililokusanywa na Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, ambalo mwaka uliofuata Hermann Wendland aliliita Saintpaulia, huota kwenye nyufa za miamba, penye udongo kiduchu na kivuli.

Siku moja mama mmoja alileta sansevieria iliyolegea shinani.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mama. Tumwone mgonjwa.”

“Namwagilia kila siku, lakini unaoza.”

Mzee aliulaza mmea ubavuni, akagongagonga chungu kwa kiganja mpaka ukatoka wote na udongo wake. Chini kulikuwa na kokoto, nusu chungu.

“Maji umeyapa njia ya kuingia, mama. Ya kutoka hukuyapa.”

Kokoto hizo wengi huziweka kwa nia njema. Lakini maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye nafasi pana za kokoto. Hubaki yamening'inia juu yake, palepale penye mizizi. Mzee huweka kigae kimoja tu juu ya tundu, upande uliobinuka ukiwa juu, ili udongo usivuje. Na chungu kipya cha saruji hukilowesha kwanza kwenye pipa kwa siku nyingi, akibadilisha maji, ili ukali wa saruji upungue.

Akachukua kisu, akakifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akakata sehemu zote nyeusi mpaka akafika kwenye nyama nyeupe. Kila baada ya kukata alifuta tena. Majani mazima akayalaza kwenye gazeti, kivulini. Mama alitaka yapandwe palepale aondoke nayo. Akaambiwa vidonda vikauke kwanza, arudi Jumamosi.

Kabla mama hajaondoka, Mzee alimfundisha utunzaji, bila haraka. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukihisi ubaridi wa maji, acha. Nyanyua chungu, uzoee uzito wake kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, kwa sababu mbu wa dengue huzaliana kwenye maji kama hayo, na Dar es Salaam iliuona mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza ncha za majani na kuacha ukoko mweupe juu ya udongo. Mtaa wenye visima vya namna hiyo ukinge ya mvua wakati wa masika. Majani yafutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji, maana barabara zetu za ndani zina vumbi jingi na dirisha lenye nondo, wavu na pazia tayari linapunguza mwanga.

Jumamosi mama alirudi. Mzee alijaza chungu nusu, akasimamisha majani, akaongeza udongo pembeni kwa kiganja, akakigonga chungu chini mara mbili ili ujipange wenyewe. Hakuushindilia. Aliacha nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo kwa ajili ya maji, na maji yenyewe akasema yasubiri siku chache. Mama aliuliza bei ya kazi, akalipa, akanunua na kiroba kimoja cha ule mchanganyiko wa madebe mawili ya mchanga kwa ajili ya vyungu vyake vingine vitatu.